Nyumba ya Kupanga Mjini Kairo

Wako watu ambao wakisikia kwamba fulani kaenda kukaa Misri, hudhani taabu yake kubwa itakuwa lugha, au baridi ya Januari, au chakula asichokizoea. Sisi tuliokaa Kairo pamoja na mama watoto na watoto wetu wawili twashuhudia kwamba lugha mtu huipata kidogo kidogo, baridi huvaliwa nguo za sufu, na chakula, alhamdulillahi, ful na mkate wa moto hupatikana kila pembe ya njia. Taabu yenyewe ni nyumba. Wazee wetu walisema mgeni ni kuku mweupe, na hapana wamwonao kuku huyo kwa mbali kama madalali wa nyumba.

Twaandika khabari hii kwa ajili ya vijana wetu wanaokwenda kusoma huko, na khasa wale wanaochukua jamaa zao. Kila mwaka huondoka wengine pwani kwetu, nao huulizwa na wazee wao kama wamechukua vitabu, kama wamechukua nguo nzito, wala hawaulizwi watalala wapi.

Zamani mwanafunzi mgeni hakuwa na haja ya kupatana kodi na mtu. Msikiti wa Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970, yaani mwaka 359 wa Hijra, ulikuwa na riwaki za wanafunzi, kila taifa na yake: Wamaghribi, Waturuki, Washami, na watu wa Jabart nao, yaani Waislamu wa upande wa Zaila na Uhabeshi, majirani zetu wa Afrika ya Mashariki, walikuwa na riwaki yao. Mwandishi mkubwa wa tarikh ya Misri, Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, aliyezaliwa mwaka 1753, jina lake latokana na watu hao, kwani babu yake wa mbali alitoka huko. Ama wafanya biashara, wao walifikia katika wikala. Wikala ya Sultan al-Ghuri, iliyojengwa katika miaka ya 1504 na 1505, ingali imesimama karibu na Azhar: chini ghala za bidhaa, juu vyumba vya kupangisha, tabaka juu ya tabaka, na kati yake ua wenye chemchemi ya maji. Tulisimama katika ua ule siku moja, tukawaza ni watu wangapi wa mbali waliopatana kodi mahali pale kabla yetu.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri ilijenga huko Abbasiya Mji wa Wanafunzi wa Kiislamu wa kutoka nchi za nje, na hata leo wamo humo vijana wa mataifa mengi. Lakini mji ule ni wa wanafunzi walio peke yao. Aliyekuja na mkewe na wanawe hana budi kuingia mjini kutafuta, na wengi huishia Madinat Nasr, mtaa mkubwa uliojengwa juu ya jangwa mashariki ya Abbasiya, ambako ndiko viliko vitivo vingi vya Chuo Kikuu cha Azhar. Ukitoka msikitini huko baada ya sala ya Ijumaa utasikia Kimalayu, Kihausa, Kisomali na Kituruki kabla hujatimiza hatua mia. Na Kiswahili nacho, ukiwa na bahati.

Tulifika Septemba 2023. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule vita vilikuwa vimeanza Sudan, na jamaa nyingi za Khartoum zilikuwa zimekimbilia Kairo; nyumba zikawa adimu na kodi zikapanda. Kwa hivyo tulipopata nyumba ya vyumba viwili katika Mtaa wa Saba, yenye vyombo vyake, kwa pauni 6,000 za Misri kwa mwezi, tulimshukuru Mungu wala hatukuuliza zaidi. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Tulipotaja mkataba alicheka, akatushika mkono, akasema kwamba baina ya Waislamu neno latosha. Sisi tuliona vizuri. Mama watoto alituuliza usiku ule kama tumeandikiana, tukamjibu kwa maneno makubwa juu ya udugu wa Kiislamu. Akanyamaza.

Tarehe 6 Machi 2024 pauni ya Misri iliachwa ijitafutie bei yake, na kwa siku moja dola iliyokuwa ikiuzwa kwa pauni kama 31 ikakaribia 50. Siku mbili baadaye, Ijumaa, yule bwana alibisha mlango wetu. Alikuwa na huzuni usoni, na hatusemi kwamba huzuni ile ilikuwa ya uongo. Akasema vitu vyote vimepanda, naye ana binti wa kuozwa. Basi ama tutoe pauni 12,000 kuanzia mwezi ujao, ama tumwachie nyumba yake kabla mwezi haujaisha. Ramadhani ilikuwa imebaki siku tatu. Tukamkumbusha neno letu. Akatujibu kwamba neno letu lilikuwa la kodi, halikuwa la muda. Na kweli, muda hatukuutaja.

Hapa twataka kujilaumu wenyewe kabla ya kumlaumu mwenzetu. Sisi tulikuwa tumesoma mlango wa ijara katika Minhaji ya Imam Nawawi, kama wanavyosoma wanafunzi wa madh-habi yetu ya Shafii. Twajua kwamba ijara haiwi sahihi mpaka manufaa yajulikane, na ujira ujulikane, na muda ujulikane. Na ikisha kusihi, humfunga mpangishaji kama inavyomfunga mpangaji, hapana mmoja wao awezaye kuivunja apendapo. Twajua pia kwamba aya ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Haya yote tuliyajua, na tulipofika mlangoni tukayaacha nje pamoja na viatu. Kesho yake tulikwenda kuzuru kaburi la Imam Shafii, aliyefariki katika mji huu mwaka 204 wa Hijra, hali yeye naye alikuja hapa mgeni. Na tulipokuwa tukimsomea Fatiha tuliona haya kidogo.

Basi Ramadhani ilianza, taa za fanusi zikatundikwa kutoka dirisha hata dirisha, na sisi tukawa wenye kuzunguka na madalali kila usiku baada ya tarawehe.

Dalali wa Kairo huitwa simsar, na mapato yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Lakini mgeni mwenye akili humtafuta bawabu kabla ya dalali. Kila jengo la ghorofa lina bawabu wake, mara nyingi mtu wa Saidi, yaani Misri ya juu, akaaye na watu wake katika chumba kidogo chini ya ngazi. Yeye ndiye afagiaye ngazi, aoshaye magari, apelekaye watoto dukani kununua mkate, na yeye ndiye ajuaye mashine ya maji ya juu ya paa huharibika mara ngapi kwa mwezi, na kama lifti hukwama, na kama jirani wa juu hugombana na mkewe. Humpa chake kidogo kila mwezi kila mpangaji. Sisi tulijifunza kukaa naye kwenye benchi lake, tukanywa chai yake, tukauliza khabari za watoto wake kabla ya kuuliza khabari za nyumba. Katika majengo matatu mabawabu walituambia, bila ya kusema wazi, tusipange hapo. Mmoja alitazama juu tu akasema, "Mungu ni mwingi wa kusitiri."

Bawabu wa nne ndiye aliyetupeleka kwa Hajja. Mwanamke mjane, mzee, mwenye wana wawili Kuwait. Yeye akikaa ghorofa ya pili, na ya tano ilikuwa tupu tangu harusi ya mwanawe wa mwisho. Nyumba safi, vyumba vitatu, dirisha la jikoni lakabili kaskazini kwenye upepo. Alitaka pauni 14,000. Tulikaa kwake Alhamisi usiku baada ya tarawehe, sisi na mama watoto, na ndugu yake Hajja, mwalimu wa Kiarabu aliyekwisha staafu, amekaa pembeni na tasbihi yake.

Kupatana bei na Mmisri ni jambo la adabu, wala si ugomvi. Ukitaja bei yako kwa ghafula utaonekana huna malezi. Tuliulizwa nchi yetu, tukasema Mombasa, mwalimu akasema alipokuwa kijana akijua kwamba Idhaa ya Kairo ina matangazo ya Kiswahili, na kweli yalianza mwaka 1954. Hajja aliwatazama watoto, akauliza kama huruka juu ya makochi. Mama watoto akasema, "Huruka, Hajja, lakini tutawakataza." Jibu hilo, twadhani, lilitupunguzia pauni elfu. Baada ya glasi ya pili ya chai tulitaja 10,000, Hajja akacheka, tukafika 11,500, akasoma Fatiha, nasi tukaisoma. Tulitoa arubuni akairudisha. Akasema, "Mmekwisha pata nyumba. Leteni vitu vyenu mwanzo wa mwezi."

Tukamwambia tutarudi Jumamosi kumalizia mambo. Kusema "karatasi" hatukuthubutu.

Ijumaa usiku dalali mmoja tuliyezunguka naye zamani alitupigia simu. Sijui alizipataje khabari zetu. Madalali wana upepo wao. Akasema iko jamaa ya Khartoum, watu saba, itatoa 14,000 na miezi sita mbele. Kama twaitaka nyumba tuongeze sasa hivi. Usiku ule hatukulala. Tulikuwa na Fatiha, na arubuni iliyorudishwa, basi.

Jumamosi tulipoingia kwa Hajja tulimkuta dalali amekaa, na mbele yake mzee wa Kisudani, mrefu, kilemba cheupe, mikono juu ya bakora. Hajja hakutukaribisha kwa maneno mengi. Alimgeukia yule mzee akasema mbele yetu sote, "Nyumba hii imekwisha toka Alhamisi. Neno limenitoka." Dalali akaanza kuhesabu kwa vidole tofauti ya fedha. Mzee wa Kisudani akamnyamazisha kwa bakora yake. Akasema kwamba yeye hakuambiwa kuwa wako watu waliokwisha patana, na lau angaliambiwa asingalipanda ngazi, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuingilia mapatano ya nduguye. Akatupa mkono, akatuombea baraka katika nyumba ile, akatoka. Watu saba, na Ramadhani, na mtu hajui atalaza wapi watoto wake. Tumewahi kushinda katika mambo mengine ya dunia, lakini ushindi ule hatukuufurahia, na hata leo tukiukumbuka kifua hutubana. Mzee yule hatukumwona tena.

Na ilikuwa ndiyo saa ile ile tuliyopaswa kutoa karatasi mfukoni.

Uso wa Hajja ulibadilika. "Nimekataa pauni elfu mbili na mia tano kila mwezi kwa ajili ya neno langu," alisema, "nawe, Ustadh, waniletea karatasi?" Hatukuwa na la kusema. Tukadhani ni fahari tu iliyoguswa. Lakini lilikuwako jambo jingine, na mgeni yeyote atakaye kupanga Misri hana budi kulijua.

Marehemu mumewe alikuwa na nyumba nyingine katikati ya mji, naye aliipangisha kwa mkataba mwaka 1974. Zamani hizo sheria za Misri zilizuia kodi isipande, na mpangaji hakuweza kutolewa. Akifa, wanawe wakaao naye walirithi mkataba. Sheria hizo zilianza wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili kuwasaidia maskini, na nia yake ilikuwa njema. Lakini miaka ilipita, fedha ikashuka thamani, na watu wakawa wanapokea kodi ya mwezi mzima isiyonunua ratili ya nyama. Mpangaji akitaka kuondoka naye akadai khuluw, ambayo kwetu twaiita kilemba. Mpangaji wa mwaka 1974 alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe angali humo. "Karatasi," alisema Hajja, "ndiyo iliyoichukua nyumba ya mume wangu."

Basi sisi tulitolewa katika nyumba kwa kukosa karatasi, na yeye alinyang'anywa nyumba kwa kuwa nayo. Tulitazamana.

Mwalimu aliweka tasbihi chini. Akamweleza nduguye, pole pole kama afundishaye darasa, kwamba tangu sheria nambari 4 ya mwaka 1996 mikataba mipya haifuati zile sheria za zamani. Muda ulioandikwa ukiisha, mkataba umekwisha, na kodi ni ile mliyoridhiana. Hajja akasema hayo alikwisha kuyasikia kwa wanawe, na moyo haukutulia. (Ile mikataba ya zamani, tuongeze hapa, ilikuja kuguswa baadaye: Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Katiba iliamua kwamba kuigandisha kodi kunavunja katiba, na sheria ya mwaka 2025 ikawapa wapangaji wa namna hiyo muhula wa miaka saba katika nyumba za kukaa.) Ndipo mwalimu akaacha sheria za serikali, akataja Madina. Akasema Mtume (S.A.W.) alipofika mgeni, akakaa kwa Abu Ayyub al-Ansari, alipataka mahali pa kujenga msikiti, napo palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Waliposema watampa bure kwa ajili ya Mungu, hakukubali mpaka bei ikatajwa na ikalipwa. "Nani aliyekuwa mwaminifu kuliko yeye?" aliuliza mwalimu. "Na nani walikuwa wakarimu kuliko wale? Na bado bei ilitajwa."

Sisi tukaongeza moja tu. Tulimwambia, "Hajja, sisi neno lako twaliamini, na leo tumeona kwa macho yetu. Lakini umri ni wa Mungu. Mmoja wetu akitangulia, wanao walio Kuwait hawatujui, wala sisi hatuwajui." Katika madh-habi ya Shafii ijara haivunjiki kwa kufa mmoja wa waliofungamana, ingawa kwa Hanafi huvunjika, lakini wenye kubaki watajuaje kilichofungwa, ikiwa hapana kilichoandikwa?

Hajja alikaa kimya muda mrefu. Khalafu akaagiza miwani yake.

Na hapa twataka msomaji acheke nasi kidogo, maana yule aliyeichukia karatasi ndiye aliyeijaza. Sisi tulileta ukurasa mmoja. Ulipotoka kwake ulikuwa mitatu. Muda mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Kodi 11,500, kwa pauni za Misri na si kwa dola. Hili tulilishikilia sisi, kwani mishahara yetu haikufuata dola. Wakipenda wote kuendelea mwaka wa pili, nyongeza asilimia 10. Hili alilishikilia yeye. Dhamana ya mwezi mmoja, irudishwe siku ya kukabidhi funguo. Atakaye kuvunja atoe khabari miezi miwili mbele, awe nani kati yetu. Umeme, gesi na maji ya matumizi juu yetu. Bomba likipasuka ukutani, juu yake. Misumari isipigwe ukuta wa sebule. Kisha akapanda nasi ghorofa ya tano, usiku wa manane umekaribia, akataja vyombo kimoja kimoja na mwalimu akiandika: makochi mawili na hali zake, kioo chenye ufa pembeni (tulisisitiza uandikwe ule ufa), vikombe kumi na viwili vya chai vyenye ukingo wa dhahabu. Vijana wetu tunawausia orodha hii ya vyombo kuliko mambo mengine yote, kwani nyumba ya vyombo isiyo na orodha ni fitina iliyowekewa kufuli.

Tukatia saini, mwalimu na bawabu wakawa mashahidi. Siku ya pili ya kazi Hajja mwenyewe alifuatana nasi mpaka Shahr al-Aqari, ofisi ya serikali ambako mkataba hupigwa muhuri na kupewa nambari na tarehe isiyoweza kukanushwa. Asiwepo mgeni wa kuidharau safari hii. Mwenye nyumba ana wajibu wa kuwaarifu polisi kwamba amempangisha mtu wa nje, nawe utakapokwenda Abbasiya kutaka kibali cha kukaa, jambo moja utakaloulizwa ni wapi unakaa, na kwa hati gani. Tulisimama kwenye safu saa mbili, tumefunga, na Hajja akimfundisha mama watoto namna ya kupika kahk za Idi.

Tulikaa pale mwaka mmoja na miezi mitano. Kodi tulipeleka kila mwanzo wa mwezi, naye kila mara akatuandikia risiti, na kila mara akatuambia kwamba risiti hizi ni kazi ya ndugu yake. Mwezi wa Juni 2025 tulimpa khabari ya kuondoka, kama ilivyoandikwa. Mwisho wa Agosti alipanda ghorofa ya tano na karatasi zake tatu na miwani, akahesabu. Ufa wa kioo ulikuwa vile vile. Vikombe vilikuwa kumi. Viwili vilivunjika usiku wa kuamkia Arafa, na mvunjaji alikuwa amejificha nyuma ya mama yake. Tulivilipa. Hajja alipokea fedha ya vikombe, akaitia mkobani; akatoa dhamana yetu nzima, akaihesabu mbele ya mashahidi wale wale wawili; kisha akamwita yule mvunjaji, akampa kikombe kimoja katika vile kumi, akamwambia akichukue Mombasa, na akamtaka mwalimu akifute katika orodha.